Jina la Jalila Liko Chini ya Sinia

Mwaka umetimia, Jalila, tangu tulipokupeleka makaburini kwa miguu, na majirani zako wa mtaa wa Chaani wakapokezana jeneza hata wengine hawakupata zamu. Mwaka mzima kiti chako cha kamba kimekaa palepale barazani. Mama yako hukiondoa akifagia, kisha hukirudisha.

Twakuandikia hadharani kwa sababu liko jambo linasemwa juu yako, nasi hatutaki lisemwe. Lakini jambo hilo ni chafu, na litangoja. Kwanza tukukumbuke wewe.

Ulikuwa mtoto wa kuitwa mara moja. "Jalila!" "Abee, baba!" na tayari uko mlangoni, kalamu imechomekwa kwenye mtandio. Ulisalimu kila mtu, hata wale vijana wakaao ukutani mwa bohari la mafuta wakitafuna miraa, ambao wenzio waliwapita kama mawe. Chai ya tangawizi uliipenda ikiwa moto kabisa, ukawa waipuliza kwa kishindo mpaka mama yako akauliza, "Wapuliza chai ama wapuliza tarumbeta?" Nawe ulicheka huku umeshika kifua, maana kifua chako tangu utotoni hakikupatana na kicheko kirefu, wala na baridi, na zaidi ya yote hakikupatana na moshi.

Baba yako, Mwidani, ambaye elimu yake aliipata kwenye darasa la ngumbaru baada ya kutoka kazini bandarini, alitaka uwe mhandisi. Kichwani mwake alishakuvika kofia ngumu. Ulipokuja kumwambia kwamba chuo kikuu kimekuchukua kusomea uendelevu, alivua miwani.

"Uendelevu ndio nini?"

"Ni kula leo bila kumla mjukuu wako, baba."

"Na husomeshwa idara gani?"

"Zote. Twachukua kemia huku, sheria kule, uchumi, dini, historia. Halafu twazikutanisha."

"Mwanangu, mtoto wa watu wote hulala na njaa."

"Basi nitakuja kula kwenu."

Baba yako alijaribu kununa, ikamshinda. Jioni ile alikwenda msikitini akamwambia kila aliyemsikiliza kwamba binti yake anasoma masomo yote ya chuo kwa pamoja.

Huo uendelevu hukuutafuta mbali. Uliutafuta nyuma ya nyumba, palipo na mkono wa bahari na mikoko michache iliyobaki. Kila Jumapili, baada ya harusi za Jumamosi, maji yakijaa hutuletea vile visanduku vyeupe vya povu vya kutilia chakula. Huja vimefumbata wali uliochacha, mchuzi ulioganda na mifupa iliyotafunwa nusu. Maji yakitoka, visanduku hubaki vimenasa katika mizizi, vyeupe juu ya matope meusi, mfano wa meno katika ufizi uliooza. Siku ya pili funza hutoka. Siku ya tatu hakuna anayeweza kufungua dirisha la upande ule. Baba yako amefanya kazi miaka mingi karibu na mizigo ya ngozi mbichi na samaki waliovunda, wala hajawahi kutapika, ila hapo nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Wewe hukutapika. Ulivaa mabuti, ukaingia, ukauliza: kwa nini mtaa uliokuwa ukila katika sinia umeanza kula katika hizi takataka?

Maana masinia tulikuwa nayo. Wazee wa mtaa walijiwekea masinia makubwa ya shughuli, harusi na matanga, watu wanne kwa sinia moja. Mtu akifiwa hununua sinia, hugongomea kwa msumari jina la maiti wake chini yake, akalitoa liwe sadaka yenye kuendelea. Kila atakayekula humo, thawabu humfikia aliyelala kaburini. Yakawa mengi, yakawekwa kwa shangazi yako, Bi Mwanarehema. Kisha miaka ikapita, yakawa meusi, kuku wakawa walalia humo.

Kemia ilikuonyesha povu linafanya nini katika matope, lakini haikujua kwa nini watu wanalinunua. Uchumi ulikwambia povu ni la bei rahisi, nawe ukaona kwamba sinia la kuazima ni la bure, na bado halichukuliwi. Ikabidi uende ukakae jikoni kwa shangazi yako na kumuuliza.

"Wataka ukweli, mwana wa Mwidani?" akasema Bi Mwanarehema. "Watu wameingiwa na kiherehere. Alianza mmoja, ati bi harusi asile chakula juu ya jina la maiti, ndoa itakufa. Basi wote mbio! Hao hao babu zao ndio majina yenyewe."

"Na wewe waamini, shangazi?"

"Mimi nimeolewa mara tatu, na mara zote nilikula katika sinia la nyanya yangu. Waume ndio walikuwa wabovu. Sinia liko zima."

Uliporudi ulicheka mpaka ukatafuta dawa yako ya pumu. Lakini ulikuwa umepata mlango. Ukamwambia baba yako, "Swali ni moja, baba, ila nyumba yake ina milango mingi, na kila mwalimu amekaa mlangoni kwake ananiuliza kwa nini nimepitia kwa jirani."

Aliyeukata uoga ule si mmoja wetu. Ni Mama Mwende, jirani yetu aliyetoka Ukambani, ambaye mwaka ule alikuwa anamwoza binti yake. Ulimweleza habari ya majina bila kumficha. Akapiga makofi.

"Ni hayo tu? Kwetu tunazika watu hapo karibu na jikoni! Ningekuwa mtu wa kuogopa majina ya wafu, si ningekufa njaa? Leta hayo masinia, Jalila. Leta yote!"

Mkayasugua kwa majivu na ndimu, wewe na kina mama, mikono ikawaka. Waislamu na Wakristo wakala pilau harusini kwa Mama Mwende, sinia kwa sinia, na vijana waliozoea kula kila mtu kajifungia na kisanduku chake wakaonekana wakigombea ukoko na kusukumiana nyama. Kesho yake, maji yalipojaa, baba yako alisimama nyuma ya nyumba akingoja. Hayakuleta kisanduku hata kimoja. Akakuita. Ulisimama naye tu, kichwa begani kwake.

Ndiyo kazi uliyoiandika ukaipeleka chuoni. Mwalimu wa kemia akakwambia mambo ya majina ya wafu ni ngano za mabibi, yaondoe. Mwalimu wa dini akakwambia habari za matope hazina mahali katika somo lake. Wa uchumi akasema harusi moja si ushahidi, na huyo angalau alisema la maana, nawe ukaanza kutafuta harusi nyingine. Daktari Mwarandu, mkuu wa masomo hayo, akakuambia ungoje, kwani haijulikani kazi hii ni ya idara gani. Ukangoja. Ulikuwa bado wangoja siku watu wasiojulikana walipolitia moto rundo la visanduku hapo ufukoni. Ulikwenda kulizima na ndoo. Ukarudi umeinama, moshi mweusi umekushika puani na mdomoni, na juma hilo hukulimaliza.

Siku ya mazishi, kila idara ilileta mtu wake. Kila mtu alishika mkono wa baba yako akasema, "Alikuwa mwanafunzi wetu." Wetu! Baba yako aliitikia, maana msibani mtu huitikia. Lakini alijihisi kama aliyemeza kitu akakigundua kiko hai.

Sasa tufike kwenye lile jambo.

Mwezi uliopita, Daktari Mwarandu alikuja nyumbani pamoja na mtu aliyevaa tai. Hawakuja mikono mitupu. Walileta chakula cha mchana, Jalila. Kuku na chipsi, katika visanduku vyeupe vya povu, wakavipanga juu ya mkeka wa mama yako, pale ulipolazwa kabla ya kuoshwa. Mafuta yalishapenya, yakaacha alama kwenye mkeka. Mama yako aliutazama mkeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumekuja na habari njema," akasema Daktari. "Chuo kitaanzisha Tuzo ya Jalila, ya uendelevu, kila mwaka. Na mdhamini tumeshampata."

Mtu wa tai akatabasamu. Akasema yeye ni wa kiwanda. Kiwanda gani? Akaelekeza kidole mkekani: kiwanda kitengenezacho visanduku hivyo.

Kisha akatoa kwenye mfuko wake kisanduku kingine, kipya. Hiki kilikuwa cha kijani. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya mtu.

Ilikuwa picha yako. Ile ya mtandio wa buluu. Na chini yake maneno yako, kula leo bila kumla mjukuu wako.

"Ni mfano tu, mzee," akasema. "Mkikubali, tutatoa vingi. Vitaenda kila harusi, kila mkutano. Jina la binti yako litafika pembe zote za pwani."

"Hiki chaoza?" akauliza baba yako.

"Kwa sasa, rangi yake ndiyo ya kimazingira."

"Nimekuuliza, chaoza?"

"Hapana, mzee. Lakini ujumbe wake..."

Baba yako hakuusikia ujumbe. Aliona Jumapili. Aliona maji yakijaa, na wewe ukija juu ya maji, mara mia, mashavu yako yamepakwa mchuzi, mfupa wa kuku umekukaa machoni. Aliona maji yakitoka, nawe umenasa katika mizizi ya mikoko. Na funza. Aliinuka, akatoka uani, akatapika kama mama mwenye mimba changa, mzee mzima, na wageni wakimsikia.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Hakuketi.

"Mwanangu nimemzika mara moja," akasema. "Hatazikwa kila Jumapili."

"Mzee, tafadhali," akasema Daktari Mwarandu, "masomo kama haya hayana mwenyewe pale chuoni. Bila mdhamini yatafungwa. Wanafunzi walio nyuma ya Jalila wataenda wapi?"

Hilo lilimchoma baba yako, kwani ulikuwa ukiwapenda wenzio. Kisha akasema, "Daktari, alipokuwa hai mlimwambia kazi yake si ya idara yoyote. Leo amekufa, imekuwa ya kiwanda? Wapeni hao watoto walimu wanaosemezana. Hilo halihitaji kisanduku."

Ndipo mama yako, Ummi, akaanza kuvikusanya vile visanduku kimoja kimoja, kwa ncha za vidole kama ashikaye panya, akampakatisha yule bwana wa tai.

"Nendeni na kuku wenu."

"Na mifupa pia!" akaitikia Mama Mwende kutoka dirishani, maana alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo. "Msituachie hata mfupa! Ngoja, umesahau tomato!"

Bwana yule alitoka mchuzi wa tomato ukimdondokea kwenye tai.

Tulidhani yameisha. Lakini tumesikia kwamba huko chuoni na huko kiwandani bado inasemwa kuwa familia imeridhia. Wasomao haya wote na wajue: familia haikuridhia. Haitaridhia. Yeyote atakayekiona kisanduku chenye uso wa Jalila, ajue uso huo umeibwa.

Kama ni jina, jina lako lina mahali. Ndugu yako Abdulaziz alinunua sinia, kubwa, zito. Baba yako akakataa kulipeleka kwa fundi. Aliligeuza mwenyewe pale barazani karibu na kiti chako, akashika msumari na nyundo, akagonga herufi moja baada ya nyingine. Ile "l" ya mwisho imepinda. Mama yako alisema iachwe hivyo hivyo, maana nawe ulikuwa ukikaa umepinda ukisoma. Tumelitoa liwe sadaka yako. Juu ya sinia hapana jina wala picha. Hapo ni mahali pa chakula.

Leo baada ya sala ya alasiri tutakusomea hitima hapa nyumbani Chaani. Majirani wote wanakaribishwa, wa dini zote. Tutakula katika masinia. Asiyeweza kutia mkono mahali pamoja na mwenzake, na ale kwake kabla hajaja. Atakayekuja na kisanduku cha povu atarudishwa mlangoni, akiwa daktari au akiwa nani.

Na tukupe habari moja, ujue umeacha nini. Jumamosi iliyopita binti mmoja wa mtaani aliolewa. Bi Mwanarehema alimpelekea masinia, akamwambia kama ilivyo haki kwamba kila moja lina jina la maiti chini yake, achague kama anaogopa. Bi harusi akayageuza moja moja, na hina yake bado mbichi, akitafuta.

"Nipeni la Jalila," akasema. "Nataka kula katika hilo."

Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe pumzi pana huko uliko, pasipo moshi.

Unakumbukwa na baba yako Mwidani, mama yako Ummi, ndugu yako Abdulaziz, shangazi yako Bi Mwanarehema, jirani yako Mama Mwende na watoto wake, na kina mama wote walioungua mikono kwa majivu na ndimu pamoja nawe.

Shughuli hazitakwisha, na kila mara sinia lako litakapogeuzwa kuoshwa, tutakusoma.