Kikao Ulichokiogopa

Mjomba,

Shikamoo. Leo marahaba naiitikia mwenyewe, maana umelala huko Kisanga kama mtu asiyedaiwa.

Nimechefukwa. Tulipomaliza kukuzika, msemaji wa familia akatangaza anayemdai marehemu aje tuongee. Yule bwana wa Mikumi mwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kukamua mtu, akanyoosha mkono, viatu bado vina udongo wa kaburi lako! Eti anataka nyumba. Mama Zawadi, mkeo, akakaa chini palepale.

Mimi, mwenye akili kubwa kuliko cheti changu cha darasa la saba, nikaenda mahakamani Kilosa kuulizia mambo ya kufilisika. Nilidhani mtu anajitangaza muflisi, madeni yanafutika, anarudi kwake anapiga mluzi. Karani akanicheka: "Dogo, huo siyo msamaha. Mali yako inakusanywa, inauzwa, wanaokudai wanagawana. Na jina linatangazwa." Kumbe!

Njia zako nazo nilizijua. Unakopa huku ulipe kule. Ikishindikana, unajificha Ruaha kwenye miwa. Unakumbuka uliponipa simu niseme umesafiri kwenda Dodoma, halafu ukapiga chafya pembeni yangu? Ile chafya ilisikika mpaka Munisagara. Mwisho presha ikakuchukua, na hata kufa hakukufuta kitu.

Basi nikamwita yule bwana kwa mtendaji wa kata. Nikamwambia mbele za watu, "Mzee, weka mkataba mezani." Hana. Kibali cha kukopesha hana. Jasho likamtoka, akakubali hela aliyotoa tu, riba aisahau. Tumeuza mashine yako ya kukoboa, kinachobaki tutamlipa kidogo kidogo. Mama wa vitumbua naye ulikuwa na deni lake. Akasema, "Nimemsamehe, alikuwa ananichekesha."

Kikao kimoja, Mjomba! Chai haikuwahi hata kupoa. Na wewe ulikuwa na mdomo kunishinda, ungemmaliza mapema zaidi. Lakini uliona aibu, watu wasijue. Watu gani? Kisanga nzima ilijua, hata mbuzi. Hiyo aibu yako ndiyo inayonitia kichefuchefu kuliko yule bwana.

Nyumba imebaki ya Mama Zawadi. Deni lililobaki nitalimaliza kwa mpunga wangu, na unajua mimi nikilima nalima.

Pumzika, mbishi wangu. Nakuahidi: siku nikielemewa nitapiga kelele mchana kweupe. Wanicheke wanavyotaka, mimi niishi.

Mpwa wako,
Shabani