Kiti Juu ya Kiti

Jumatatu, 4 Mei

Tumeosha viti tena. Vyote. Zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kusugua mchuzi wa harusi na udongo wa matanga. Leo ni vumbi tu, hakuna aliyevikalia tangu Machi. Kazadi, mfanyakazi wangu, anasugua kana kwamba kesho kuna ndoa. Ananiudhi. Hana kosa, ila ananiudhi.

Tangu ugonjwa huu uingie, harusi zimekatazwa. Matanga pia: maiti anatoka mochwari moja kwa moja hadi makaburini. Hapa Kampemba wananiita Mama Biti kwa sababu ya biti, yaani viti, na maturubai ninayokodisha tangu nilipofiwa na mume wangu. Sasa ni mama wa viti visivyo na makalio.

Jioni Kazadi akasema, macho ndani ya ndoo, kwamba binamu yake anamwita aende Kasomeno kuchoma makaa. Miaka yote hii ndiye anayebeba, anayefunga kamba, anayejua turubai lipi linavuja. Bila yeye sina kazi, nina rundo la plastiki. Nikamwambia asubiri kidogo. Redioni wamesema serikali itasaidia wafanyabiashara wadogo pamoja na wafanyakazi wao.

"Kama Leta inasema, nitangoja, Mama."

Leta ndiyo serikali, kwa lugha ya hapa. Alikubali mara moja. Afadhali angebisha.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda kwa kamati ya msaada. Foleni, jua, barakoa inayokata masikio. Mbele yangu fundi cherehani, nyuma yangu mwenye saluni, sote tunatazamana kama wanawake wanaogombea mume mmoja. Kijana wa mezani akaandika jina langu na la Kazadi. Akasema tutaitwa. Nikauliza lini. Akamwita anayefuata.

Tangu nirudi siwezi kukaa. Nimefagia ua, nikaufagia tena. Vumbi la kiangazi halina haya.

Jumamosi, 9 Mei

Kimya. Simu nimeishika mkononi mpaka ikapata moto. Kazadi alikuja ingawa hakuna kazi. Akashona turubai ambalo halikuchanika. Nikampa sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe. Alikula nusu, nusu akawafungia watoto wake. Nikajifanya sioni.

Jumanne, 12 Mei

Wamekuja! Yule kijana wa mezani mwenyewe, kwa gari. Nilikimbia hadi langoni na kiatu kimoja.

Kumbe wanataka viti. Ijumaa kuna sherehe ya kutangaza msaada, na hawana pa kuwakalisha watu. Bure, eti ni mchango wangu kwa taifa. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nikamuuliza kama jina langu limo. Akacheka.

"Mama, utakosa namna gani? Biti byote ni byako!"

Kazadi alisikia. Akaanza kupiga mluzi, jambo ambalo sijalisikia tangu Machi. Binamu yake alipiga simu mchana: lori linaondoka Jumapili, anakuja au haji? Kazadi hakumpa jibu. Anasubiri kwa ajili ya neno langu, na neno langu ni la redio.

Ijumaa, 15 Mei

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Nikikaa nitapiga kelele.

Tulipanga viti asubuhi na mapema kwenye uwanja wa mpira, kila kimoja mbali na mwenzake. Watu wakajaa. Walikusanya umati mzima ili kutukumbusha kwamba kukusanyika ni marufuku. Kiongozi wa kamati akasema, akasema. Majina yakasomwa: mwenye duka la dawa, waoka mikate, wauza unga wa mahindi. Halafu akakunja karatasi.

Nikasimama. Nikauliza, na sisi wa viti? Akanijibu kwa upole, mbele ya watu wote: msaada ni kwa kazi zinazoruhusiwa. Yangu imekatazwa, na serikali haiwezi kusaidia kitu ilichokikataza yenyewe. Akaendelea na hotuba, naye akikaa kwenye kiti changu kila alipochoka kusimama.

Nikakaa. Ndipo nikasikia nyuma: tak. Kazadi ameinua kiti kitupu, amekipachika juu ya kingine. Tak. Bila kununa, bila haraka, kama anavyofanya siku zote kazi ikiisha.

Hapa kwetu hakuna asiyeujua mlio huo. Kwenye matanga, ukiusikia, ujue wenye msiba wamemaliza na kila mtu aende kwake. Hakuna anayetangaza, viti ndivyo vinavyotangaza. Bibi mmoja wa mstari wa nyuma akakaza kitenge chake, akainuka. Wa pembeni yake naye. Halafu mstari mzima. Halafu uwanja wote, watu wanapeana pole kwa mbali na kuondoka, kiongozi bado ameshika maikrofoni.

"Munaenda wapi? Muikale! Hatuyamaliza!"

Hakuna aliyegeuka.

Ningeweza kumzuia Kazadi. Badala yake nilibeba kiti nilichokuwa nimekalia, nikakipachika juu ya vyake. Tak. Nilifurahi. Nilifurahi sana, kisha nikaogopa.

Jumamosi, 16 Mei

Hakuna aliyekuja kunikamata. Gari likipita, nachungulia.

Kazadi ameosha viti vyote, peke yake, tangu asubuhi. Nikamwambia basi, inatosha.

"Mama, sipendi kukuachia biti bichafu."

Ndivyo nilivyojua. Lori ni kesho. Hakunilaumu hata kidogo kwa kumsubirisha. Natamani angenilaumu, tugombane, tumalize.

Jumapili, 17 Mei

Ameondoka. Sikwenda kumsindikiza. Nilisema naumwa kichwa. Mwongo mimi.

Ijumaa, 29 Mei

Kamati imetuma ujumbe. Wafanyabiashara wadogo wa aina zote, hata sisi, tumesamehewa kodi ya miezi hii. Nimesamehewa kodi ya kazi ambayo sikufanya. Asante.

Jirani yangu, Mama Ngalula, amefiwa na mama yake. Wamezika jana, haraka haraka. Aliniomba viti sita tu, watoto wa marehemu wakae uani, wakiachiana nafasi. Nilivisukuma mwenyewe kwa mkokoteni. Fundo la Kazadi sikuliweza. Kamba ililegea njiani, viti vikamwagika barabarani, nikaviokota kimoja kimoja.

Leo jioni nikaenda kuvichukua. Walikuwa bado wamekaa. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Nikakishika mgongoni, tayari kukiinua. Nikawatazama. Nilijua kwamba nikikiinua tu, watasimama wote.

Nikakikalia. Nimepeleka viti kwenye matanga mengi sana, na sijawahi kukaa. Mimi ni wa kuleta na kuchukua.

Mama Ngalula akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kazadi iko wapi?"

"Iko Kasomeno," nikasema. Halafu nikalia.

Walidhani namlilia marehemu. Mmoja akaniletea maji. Nimerudi nyumbani na mkokoteni mtupu.