Neno Alilosema Mcheki

Jumanne, 17 Novemba 1914

Binti yangu Hanka kalala sasa hivi, kidole changu bado kakikamata, naandika kwa mkono mmoja. Kabla ya kulala alitambaa mpaka kwenye viatu vya yule askari Mrusi aliyewekwa na jeshi lake jikoni kwetu, akavilamba. Mrusi akacheka. Mimi nilitaka kulia.

Leo askari wa jeshi letu, la Kaisari wa Austria, waliotekwa na Warusi walipitishwa barabarani. Nikawa nauliza kila mmoja — Wawrzek, mume wangu, mmemwona? Mcheki mmoja akageuka. Anamjua! Kasema Wawrzek ni marodi, wamemwacha mjini Krosno. Mlinzi akamsukuma. Basi.

Mama mkwe kabetua mdomo. Kwetu Wapolandi neno hilo ni la mtu goigoi, wa kujikokota nyuma ya wenzake. Kasema ndivyo alivyo tangu mdogo, hata kuzaliwa alichelewa. Nikacheka kidogo. Goigoi si maiti.

Jumatano, 18 Novemba

Sijui kwa nini nilimwuliza Mrusi. Nilimtajia neno, akaacha kula. Kwao marodi ni askari anayepora nyumba za watu, hata maiti. Akapitisha kidole shingoni. Hao hupigwa risasi, kasema, hata na jeshi lao wenyewe.

Wawrzek? Aliyemrudisha bata wa jirani aliyejileta mwenyewe uani?

Maziwa yamenikauka. Hanka analia.

Alhamisi, 19 Novemba

Nimetoka kwa Bwana Łukasik, muuza dawa. Amesoma Kifaransa. Kasema neno ni la Wafaransa, maana yake mhuni mdokozi, na askari wamelitembeza vita hadi vita. Wajerumani wakawaita hivyo waliobaki nyuma ya jeshi ili waibe. Lakini wengi waliobaki nyuma walikuwa wagonjwa tu, basi wizi ukasahaulika, ugonjwa ukabaki. Wacheki wakalipokea hivyo. Sisi tukashika kule kujikokota. Warusi wakashika wizi.

— Kwa hiyo Wawrzek wako anaumwa, binti yangu. Ikiwa yule Mcheki aliongea Kicheki.

— Na kama hakuongea Kicheki?

Akafuta miwani. Kasema, labda alijitahidi kukusemesha Kipolandi. Au kaokota maneno ya Warusi waliomteka. Ulilisikiaje neno lenyewe?

Sikumbuki. Nilisikia jina la Wawrzek, mengine yakanipita.

Lakini anaweza kuwa mgonjwa. Mgonjwa hupona. Sijawahi kumwombea mtu ugonjwa.

Ijumaa, 20 Novemba

Mateka wengine wanapita. Mama mkwe katangulia barabarani na mkate. Mimi namalizia kumnyonyesha Hanka, maziwa yamerudi kidogo. Leo neno lile silitamki. Nitauliza kwa mikono: shavu kwenye kiganja, kama mgonjwa aliyelala, halafu mkono unaochomoa kitu mfukoni mwa mtu. Wachague. Najizoeza, Hanka ananiiga — anaweza lile la shavu tu.

Mama mkwe ananiita. Kaniita mwanangu. Tangu niolewe huniita wewe, au mke wa Wawrzek. Sauti yake sijui ni ya furaha au ya msiba. Naenda.