Akinyi, Paka Wako Sasa Anachanwa

Akinyi nyathina, mtoto wangu,

Nimekasirika. Nataka ulijue hilo hata kabla ya salamu.

Uliniachia paka. Watu wengine huachiwa wajukuu, mimi nimeachiwa Sufu, mtoto wa paka mwenye nywele ndefu kama amevaa koti la baridi. Bi Rukia wa Kaloleni, aliyekupa, anasema mama yake ni mpole kama mkeka. Huyu si mkeka. Huyu ni miiba mitupu.

Tulipokuzika Bondo, walikulaza nje ya ua kwa sababu hukuolewa. Nikanyamaza. Wakatunyoa vichwa sisi watu wa nyumba, kama desturi ilivyo. Nikanyamaza. Halafu tukarudi hapa Kisumu, mtaani Manyatta, na waya, shangazi yako, akamkuta Sufu kitandani mwako. Wakati wote wa matanga hakuna aliyemgusa, nywele zilikuwa zimeshikana mafundo kwapani na nyuma ya masikio. Waya akatoa wembe. Akasema huyu pia ni wa nyumba ya marehemu, anyolewe kama sisi, kisha aende Bondo akashike panya. Hapo ndipo mdomo wangu ulifunguka. Nikamwambia, "Huyu bado anamngoja mwenyewe. Hanyolewi."

Waya akacheka. Akasema sawa, lakini akirudi Pasaka amkute amechanwa vizuri, la sivyo anamtia kwenye gunia na kuondoka naye.

Sasa wewe unanijua. Manyatta nzima inanijua kwa ususi. Ni kichwa gani kimewahi kunishinda? Watoto wa mwalimu mkuu waliletwa kwangu wakilia, wakatoka na mistari imenyooka kama mpunga wa Ahero. Basi nikamshika Sufu vile ninavyoshika watoto, katikati ya magoti, kidevu juu, kitana kuanzia kwenye shina. Alinipasua mkono mpaka kiwiko. Bi Rukia, aliyekuwa amekuja kunipa pole, alicheka mpaka leso ikamwanguka. "Mama Akinyi, si wewe ni fundi? Msuke mistari basi." Nikacheka na mimi, mara ya kwanza tangu uende. Halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka.

Ikabidi nikumbuke ulivyokuwa ukifanya pale mlangoni, nikikutania kwamba unabembeleza paka kama bibi arusi. Ulikilaza kitana kando yake akinuse. Ukampapasa kwanza kwa mkono mtupu. Ukampa dagaa wa omena, ukamchana shavu mara moja, ukaacha. Niliuliza mbona unaacha kazi katikati. Ukasema, "Mama, mwache angali anataka."

Mwache angali anataka! Na sisi je, si ulituacha tungali tunataka? Nani alikufundisha hayo, Akinyi?

Nikafanya hivyo hivyo, meno nimeyauma. Leo shavu. Kesho shavu tena, na shingo kidogo. Akipiga piga mkia naweka kitana chini, mimi ambaye sijawahi kuacha kichwa nusu. Siku hizi gugu maji limefunika ziwa, mitumbwi ya Dunga haitoki vizuri, omena imekuwa adimu, na bado paka wako anakula kabla yangu. Mafundo niliyafungua kwa vidole, nikishika nywele karibu na ngozi asisikie kuvutwa. Hiyo hukunifundisha wewe. Hiyo ni yangu mwenyewe, na uisikie.

Pasaka waya akaja. Sufu akampita mbele, mkia juu, amefura kama mke wa chifu. Waya akamtazama, akatazama mikono yangu ilivyochanika, akaomba chai. Nikampa bila sukari.

Lakini jana ndipo hasira ilinipanda kabisa. Sufu alilala chali mapajani mwangu, akafungua tumbo. Bi Rukia anasema paka hampi mtu tumbo hivi hivi. Nikamchana polepole, naye akinguruma, nikaanza kulia. Paka ameniruhusu tumbo lake. Wewe, niliyekubeba langu, ulijifungia kwenye bafu la mabati. Ulivaa sweta juu ya sweta katika joto hili la Kisumu ili nisione mbavu zilivyokutoka. Nikigonga unasema, "Ni malaria tu, Mama."

Ningekuosha. Ningekubeba mgongoni mpaka hospitali, mchana, watu wakitazama, na wa kusema aseme. Ulifikiri nitauonea haya ugonjwa wako? Mimi niliyekuwa nasimamisha watu sokoni kuwaambia mtoto wangu anapiga taipu bila kutazama vidole?

Sijakusamehe, usijidanganye. Mvua ikipungua nitakuja Bondo na jembe nikupalilie kaburi, na nitakugombeza kwa sauti mpaka niishiwe. Kisha nitaketi kando yako nikupe habari zote, na safari hii huna mlango wa kunifungia.

Lala, nyathina.

Mimi mama yako, ambaye bado anakusifu sokoni.