Kitambaa Yenye Ulienda Nayo

Yaya Anyesi, dada yangu mukubwa,

Lala vile unalala, usigeuke. Niko na neno moja, na nataka uisikie ku kinywa yangu, usiisikie ku jembe.

Bazungu banataka kukufukula.

Basi, nimesema. Naandika mbio, utasoma vile utaweza. Tereza, mutoto yako, alinipatia karayo yake ya kuandikia masomo, yeye akaenda ku robine kuteka mayi. Mama Mukubwa iko nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, majani ya mihogo, na kila mara mutwangio ukianguka, miye naruka. Kila muntu anapita ku barabara, nawaza ni polisi.

Nianze mbele, juu weye haukuona. Siku ile ulikufwa, miye na banaume tulienda ku malalo kuchimba shimo. Ku nyumba alibakia Mama Mukubwa, alikuwa amefika asubui na gari ya moshi kutoka Kambove. Yeye njo alikuosha, yeye njo alikupakaa ngula, ile unga nyekundu ya muti, maana kwetu ku Bakuba yaya ya mama, dada yake mukubwa, njo mwenye kilio. Kisha akauliza: "Nguo yake ya rafia iko wapi?" Unajua mwenyewe. Muntu ya kwetu haendake bila rafia. Kule mbele, kwa benye kufwa, bakubwa ya kwetu habatamujua, batasema huyu mugeni, arudie. Akafungua valizi yako. Akakuta ile kitambaa ya komande, ile kubwa muzungu alituagiza juu ya ukuta ya vila yake, imekunjwa muzuri. Akapiga vigelegele na machozi ku macho. Akaambia banamuke: "Muone, mutoto alijua! Alikuwa anajishonea nguo yake ya kufwa."

Juu banamuke ya kwetu banafanyaka vile, banashona ya siku yao bakingali bazima. Nani angemuambia kama kuna muzungu alikuwa analomba ile kitu juu ya kupamba salo yake ya wageni? Akakufunika nayo toka shingo mpaka miguu. Wakati tulirudia, kisanduku ilikuwa imeshapigwa misumari.

Nilikuzika na komande, Yaya, na sikujua.

Nilijua kisha kilio kuisha, wakati nilifungua valizi nikakuta blauzi yako mbili tu na kikombe. Nikamuuliza Mama Mukubwa. Akanijibu na kiburi: "Uliwaza nitamuacha aende uchi?" Nikacheka. Nikalia. Kisha nikakumbuka ukuta ya vila.

Wakati ya mvua muzima tulikuwa ku ile kazi. Miye nafuma, weye unashona, vile inafaa, mwanaume ku kufuma, mwanamuke ku sindano. Kitambaa ya rafia haipite urefu ya jani yake, basi nilikuwa nafuma vipande, weye unaunga, mpaka ikatosha ukuta. Nakuona umekaa pa mukeka, kisu kidogo ku vidole, unapitisha uzi, unakata huku, unakata kule, nywele za rafia zinasimama. Hakuna fundo hata moja. Ni kubana ya kufuma kwangu tu njo inazishika, na kama nililegeza kidogo ulikuwa unanitupia: "Piyo, leo ulifuma na njaa?" Nilikuwa nabana tena, maana mara mingi ilikuwa kweli.

Na Madamu ya atelye, mukubwa yetu ya kazi, unamukumbuka na karatasi yake! Yeye mwenye kupamba nyumba za bazungu benzake, na zile foteyi za kukalia za miguu nyembamba, na meza za umbo ya haragi, na lampe za shaba, na majiwe ya kijani ya malakiti ya kutilia majivu ya sigara. Alikuletea mistari aliichora mwenyewe, yote sawasawa upande na upande. Ukasema merci sana, Madamu. Ukawashia mbabula ya makala na karatasi yake. Wakati alirudia kuona, akauliza kwa nini mistari inageuka pale katikati. Weye, bila kuinua kichwa: "Madamu, pale njo nilianza kukohoa." Mpaka leo sijue kama ulikuwa unacheza.

Basi sikia. Mwenye vila, ule injenyere, alishapanga fete ya kufungua nyumba yake. Ukuta nyeupe inangoja, misumari imeshapigwa. Madamu akawa ananiuliza kitambaa kila asubui. Nilisema bado pindo. Nilisema bado kuinyoosha. Unasemaka njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kuliko zote. Nikachoka, nikamuambia kweli yote, maana alikuya ku kilio yako na maua, niliwaza roho yake itafahamu. Akalia. Alilia kabisa kabisa, alitosha na kitambaa ya kujipanguza. Kisha akaenda kumuambia injenyere, na miye nikamufuata nyuma, kofia ku mikono.

Injenyere hakukasirika. Ile njo inaniogopesha. Aliuliza polepole: shimo ni ya namna gani? Kisanduku ni ya mbao ya nguvu? Akawaza, akasema ni wakati ya baridi, mvua hakuna, udongo iko mukavu, kitambaa itakuwa ingali muzuri, itapigwa brosi na kupewa jua. Alisema: "Tutamurudisha chini na heshima. Na tutamuwekea simenti juu." Alisema vile kama mwenye kukutolea zawadi! Karatasi ya ruhusa ataipata ku rafiki yake. Nikalomba tufanye ingine. Nitafuma mpya, nikasema, nitatafuta mwanamuke ya kushona. Akajibu hataki ingine, anataka ile, ile yenye mistari inageuka. Akaita kapita, musimamizi ya atelye, atafute bantu ya kuchimba. Miye njo nitaenda nabo, alisema, kubaonyesha fasi ya kaburi.

Miye, Yaya. Nibaonyeshe fasi yako!

Usiku ule sikufunga macho. Nilikuwa nakuona juu ya udongo, umetoshwa nguo, jua inakupiga. Nilikuwa naona bakubwa kule banakuuliza weye nani, mutoto ya nani, na weye hauna kitu ya kubaonyesha. Na kitambaa yako ku ukuta, bantu banasimama mbele yake na glasi ya vinyo, banasema oh, moderne sana. Kama ungekuwa muzima ungecheka mpaka kukohoa. Miye sikuweza kucheka.

Leo asubui, mbele karatasi ifike, nilirudia ku vila. Madamu alikuwa pale, anapima rido ya madirisha. Nikasema mbele yabo bote babili: nilibadanganya. Ku malalo hakuna kitu. Kitambaa nilimuuzishia mucuruzi ya samaki wa Kasenga, ameshavuka Luapula nayo, iko ng'ambo ya bangereza.

Nilingoja baulize. Nilikuwa nimetayarisha jina ya ule mucuruzi, na kovu ku shavu, na baiskeli yake vile iko. Injenyere hakuuliza hata kimoja. Jana, wakati nilisema kweli, alitaka maelezo mingi; leo uongo ikapita mbio. Muntu mweusi aliiba: ile ilikuwa imeshakaa tayari ndani ya kichwa yake, ilikuwa inangoja tu muntu ya kuileta. Nilimuchukia sana, na nilimushukuru.

Madamu peke yake njo aliniangalia. Yeye anajua. Aliona machozi yangu siku ya kilio, na haikuwa machozi ya mwizi. Akafungua kinywa, nikawaza, sasa ataharibu yote, atasema huyu anadanganya, kitambaa iko kule kule. Akaangalia chini, ku bilato ya miguu yake. Kisha akarudia ku rido, akaendelea kupima. Sijue kama atanyamaza mpaka mwisho. Injenyere ni rafiki yake, na ukuta ingali wazi, na fete iko karibu. Ile njo woga yenye inanila, Yaya. Ingine yote naiweza.

Injenyere ameita polisi, na kazi yangu imeisha. Kesho, ao leo leo, batakuya kunikamata. Nikitoka buloko batanitia ku gari ya moshi kurudia Kasai, maana muntu hana kazi hana ruhusa ya kukaa hapa ku cité ya bantu beusi. Nyumba itapewa bengine. Tereza ataenda Kambove na Mama Mukubwa, nimeshamupa sindano yako na kile kisu, alivifunga ku kona ya kitambaa yake ya kichwa na hataki kuvitosha hata kama anateka mayi. Anauliza kama nitakuya kumuona. Nilijibu ndiyo mbio sana.

Mama Mukubwa alinipigia makelele, mpaka majirani bakatoka. "Batasema ukoo yetu ni ya bezi! Weye, mutoto ya dada yangu!" Nikamuambia ni juu ya nini. Akakaa chini, akavua kilemba, akashika mukono yangu kama wakati ningali mutoto. Kisha akainuka kutafuta sombe, anasema mwanaume haendake ku buloko na njaa. Hakuomba samahani, na miye sikuitaka. Alikufunika muzuri.

Nakuachia hapa, kuna bantu banasimama ku mulango ya jirani na siwezi kuona kama beko na koti ya polisi. Nakuahidi hii: bakinipiga, sitasema. Bakiniuliza polepole, na sigara, na kiti, sitasema. Tereza akikuwa mukubwa nitamuambia yeye, bengine hapana. Weye bakia umefunikwa, usiachilie hata kona moja.

Na kule mbele, bakubwa bakishika ile kitambaa na mikono yabo, bakiona vile imebana, bakiuliza nani alifuma, usione haya juu ya jina ya mwizi yenye bananiita hapa. Ubaambie ni mudogo yako.

Piyo