Vioo Vilivyolazwa Kifudifudi

Mpendwa mama,

Nakaa, nasimama, nakaa tena. Vioo vitatu vya kupimia damu viko juu ya meza yako ya zamani, majina yakiangalia chini. Kimoja ni cha Zaina, mjukuu wako ambaye hukumwona. Nilikuwa na mimba yake ulipofariki. Ana homa isiyoshuka na tezi za shingo zimevimba. Mwenzangu wa maabara amekwenda msibani Kailo, kwa hiyo nimebaki peke yangu, kama ulivyobaki wewe.

Unakumbuka miaka ya vita? Treni haikuja, umeme haukuwako, nawe ulibeba hadubini mpaka uani, ukilifuata jua. Niliposumbua sana ulinipa nafasi nitazame chembe nyeupe, askari wa mwili. Zile zenye kiini kilichokatika katika uliziita wakimbiaji, maana hufika kidondani za kwanza. Zile kubwa zilikuwa walafi, humeza wadudu. Mimi nilipenda zile za mviringo, tulivu, ulizosema hukumbuka ugonjwa hata miaka ikipita. Maji safi ya kuchanganyia rangi yalipokwisha, ukatumia ya mvua, chembe zote zikatoka nyekundu, ukacheka mpaka ukakaa chini. Siku hizi Kinshasa kuna mashine inayopitisha chembe moja moja mbele ya mwanga na kuzitambua kwa alama. Sisi huku bado tuna jicho.

Na jicho hukuliamini. Nilipougua mimi, wenzako walikuwa wamekimbilia msituni. Ulifumba macho, ukakichanganya kioo changu na vya wagonjwa wengine, ukavilaza kifudifudi. Nikakuuliza kwa nini.

“Damu ya mutoto wako usiisome na jina yake,” ukaniambia. “Jicho ya mama inadanganya.”

Kimoja kilikuwa kibaya, saratani ya damu. Ulipokigeuza, kikawa cha mtoto wa jirani yetu, Mama Asha. Mimi nilikuwa na malaria tu, nikapona kwa vidonge. Wewe ulilia jioni nzima, nami nikakununia, kwa sababu niliona hufurahii kwamba nimepona.

Leo nimevisoma vyote. Viwili ni salama. Cha tatu ni kama kile kibaya cha zamani: kimejaa chembe changa, kubwa, zinazofanana zote, na wakimbiaji karibu hawapo. Nimetoka nje, nimerudi, nimepika chai nikaiacha ipoe. Watoto wale wengine wawili nawajua: mmoja ni wa mama anayetuuzia sombe, majani ya muhogo, mwingine wa mwalimu wa Zaina. Mama, nimejikuta nikiomba kiwe cha mmoja wao. Nikaona haya. Halafu nikaomba tena.

Sasa najua kwa nini ulilia. Wewe pia uliomba hivyo, na ulisikilizwa.

Kaa karibu nami kidogo. Mkono wangu uko juu ya kioo, nakigeuza.

Ni mimi, binti yako uliyemwombea.