Dirisha Lililoamka Bila Mimi

Jumatatu, 5 Mei

Melkiori,

Nimeamka, nimewasha mkaa, nimevuta pazia la sebuleni. Bega la kulia linauma. Nimetumia mti wa ufagio, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Pete ya mwisho ya pazia bado inakwama palepale.

Mama Joselyne aliniona kutoka ng'ambo ya barabara, akainua mkono. Nikainua wangu wa kushoto. Hatukusema kitu. Ndiyo salamu yetu tangu tuhamie mtaa huu wa Mutakura, na haijabadilika tangu tukuzike. Yeye akarudi kwenye uji wake, mimi kwenye chai yangu.

Mchana imekuja katoni ndefu, imefungwa kama bomba la maji. Ni Fabrice. Mtoto wetu ametuma mapazia ya umeme kutoka Kanada. La sebuleni, la chumbani kwetu na la chumba chake cha zamani. Yanajikunja yenyewe asubuhi, jioni yanajishusha.

Nimechoka kabla hata ya kufungua katoni.

Jumatano, 7 Mei

Fabrice amepiga simu. Nilimwambia awarudishie wenye duka. Akasema hayarudishwi.

"Mama, bega yako imechoka. Papa hayuko wa kukufungulia dirisha. Mi nitakufungulia. Kila kitu iko mu telefone yangu."

Nikamuuliza kama atakuwa ananitazama nikiwa kwenye kanga ya kulalia. Akacheka sana.

"Apana, Mama! Haina kamera. Inaniambia tu: imefunguka, imefungika. Basi najua uko muzima."

Sikuwa na nguvu ya kukataa. Hakuweza kuja kukuzika, karatasi zake zilikuwa bado. Aliyatazama mazishi kwenye simu ya binamu yake, na simu ile ikazimika kabla ya udongo. Hajawahi kulisema. Mtoto aliyekosa hayo akitaka kufungua dirisha, utamwambia nini.

Ijumaa, 9 Mei

Fundi amekuja. Anaitwa Idi, mtu wa Buyenzi, mpole, anaongea sana. Ametoboa ukuta juu ya madirisha yote. Vumbi la saruji lilijaa kwenye picha yako. Nimeifuta mara kadhaa, bado kuna unga kwenye pembe za fremu.

Katikati ya kazi umeme ukakatika. Alikaa na sisi jikoni, mimi na Consolate anayenisaidia kazi, akanywa chai mpaka uliporudi. Amesema mapazia haya hayana batri. Umeme usipokuwepo yanabaki yalivyo. Fabrice atatuma batri baadaye.

Aliposhusha pazia la zamani aliuliza, "Maman, hii tutupe?" Nilisema apana kwa sauti iliyomshtua. Akalikunja vizuri akaniwekea mapajani.

Angejuaje. Pazia lile nililinunua Uvira, Kongo, kabla ya ndoa yetu. Nilivuka nalo mpaka wa Gatumba nimelizungusha tumboni chini ya kitenge, ili nisisumbuliwe. Yule mama wa forodha alinitazama, akanipisha kwenye mstari, akasema Mungu anisaidie nijifungue salama. Wewe ulikuwa unanisubiri upande wa pili. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Maua yake ya manjano sasa ni ya rangi ya chai.

Idi amepanga saa kumi na mbili asubuhi. "Kila siku, Maman. Hata ukisafiri. Mwizi atafikiri uko."

Jumamosi, 10 Mei

Limefunguka. Nilikuwa bado nimelala. Sauti ndogo, kama mbu mkubwa, kisha mwanga. Nililala nikiutazama mwanga. Sikuwa na sababu ya kuinuka.

Baadaye Mama Joselyne alikuja kuona. Alizunguka sebule mikono kiunoni.

"We Mama Fabrice! Dirisha inajiamsha? Na bugali nayo itajisonga?"

Nikamwambia hiyo Fabrice ataituma sikukuu ya Noeli.

"Aitume na bwana ya kuila," akasema. Kisha akakumbuka, akafunga mdomo kwa kiganja. Lakini mimi nilikuwa tayari nacheka. Ni mara ya kwanza tangu uondoke. Tulicheka mpaka Consolate akaja kutazama kuna nini.

Wewe ungecheka zaidi.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya tatu sijamsalimia Mama Joselyne dirishani. Ninapofika sebuleni, dirisha limeshafunguka zamani na yeye ameshaingia ndani. Leo nilimwona mgongo tu.

Nakumbuka asubuhi yako. Nilikaa kitandani nimeushika mkono wako. Haukuwa na joto. Sikupiga kelele. Sikujua nianzie wapi. Niliona kwamba nikiinuka, itakuwa kweli. Basi sikuinuka. Halafu nikasikia geti. Mama Joselyne aliingia bila kuitwa na mtu, na mwiko wa uji ulikuwa bado mkononi mwake, unadondosha. Alisema, "Pazia yenu haijafunguka." Hayo tu. Akauweka mwiko sakafuni akakaa na mimi.

Doa la uji lilibaki kwenye zulia. Sijaliondoa.

Jumatano, 14 Mei

Consolate amekwenda Kayanza. Mama yake mgonjwa. Amesema Ijumaa jioni atakuwa amerudi. Nimempa sukari na sabuni ampelekee. Nyumba imekuwa kubwa.

Pazia limejishusha lenyewe jioni nikiwa nasoma. Nimewasha taa. Sikupenda.

Ijumaa, 16 Mei

Consolate hakurudi. Amepiga simu: hakuna mafuta, magari yamelala kituoni, watu wanasubiri na mizigo yao. Nimemwambia asijisumbue.

Kichwa kinauma. Baridi kwenye mgongo, na jua lote hili. Nimefunga geti mapema, kufuli la ndani. Nimechukua pazia la zamani nijifunike.

Jumamosi, 17 Mei

Homa. Najua ni malaria, naijua sauti yake mwilini.

Pazia limefunguka. Nimelisikia la hapa chumbani, na la sebuleni kwa mbali.

Nilijaribu kwenda jikoni. Nilifika mlangoni nikarudi kwa magoti. Maji yapo, jagi moja. Simu iko sebuleni kwenye chaja.

Jumapili, 18 Mei

Simu imelia. Ikanyamaza. Ikalia tena. Ni Fabrice bila shaka, leo ni siku yake ya kupiga.

Nimemwita Mama Joselyne. Kanisa la nyuma yetu lilikuwa linaimba na vipaza sauti. Hata mimi sikujisikia.

Pazia lilifunguka vizuri tu asubuhi. Nyumba yenye mtu mzima. Hivyo ndivyo inavyoonekana kutoka barabarani. Nililijua hilo nikiwa nimelala, na nikaogopa. Si kufa. Kufa halafu dirisha liendelee kufunguka.

Jumatatu

Limefunguka tena.

Maji yamekwisha.

Unanisikia, Melkiori? Nimejifunika lile la Uvira.

Alhamisi, 22 Mei

Leo naandika nikiwa nimekaa.

Usiku wa Jumatatu umeme ulikatika mtaa mzima. Jumanne saa kumi na mbili sikusikia ile sauti ya mbu. Giza lilibaki. Nilifikiri ni macho yangu.

Halafu nikasikia jina langu getini. Halafu kelele ukutani. Mama Joselyne hakuweza kufungua kufuli, basi alileta ngazi ya mume wake ya kupakia rangi, akapanda ukuta, kwa mwili ule unaoujua. Jirani mwingine alimwambia ataanguka. Nilimsikia akijibu, "Nikianguka nitaangukia ndani, ndiko ninakokwenda!"

Alifungua kufuli kwa ndani, akaniweka nyuma ya mtu wa pikipiki mwenye mafuta kidogo, yeye akakaa nyuma yangu kunishikilia. Dispensari, sindano, maji ya mshipani. Daktari alisema tulikuwa tumechelewa, lakini si sana.

Sasa niko nyumbani. Mama Joselyne analala kwenye kiti chako. Anakoroma kama wewe. Sina la kulalamika.

Ijumaa, 23 Mei

Nimesoma ujumbe wa Fabrice wa Jumapili. "Mama, nilipiga hukushika. Uko kanisani. Naona dirisha ilifunguka saa yake, basi nimefurahi. Nitapiga kesho." Na wa Jumatatu: "Naona uko sawa. Niko kazini, tutaongea."

Nimeusoma nikaweka simu chini. Sitamwonyesha mtu.

Leo Mama Joselyne alikuwa anachambua maharage pembeni yangu. Kisha akasema:

"Nilikuwa nakupungia mukono kila siku. Dirisha wazi, we hauko. Nikasema, aa, Mama Fabrice amekuwa mutu wa Kanada, hasalimii tena masikini. Nikakasirika. Jumapili sikupunga. Nikatazama kando."

Machozi yalimtoka yakaingia kwenye maharage. Nikamwambia aache, tutakula chumvi tupu. Akapangusa uso kwa kanga akaendelea kuchambua.

Miaka yote hii dirisha lilikuwa mimi, na mimi sikujua. Nilifikiri ni salamu tu.

Jumapili, 25 Mei

Nimemwambia Fabrice yote. Niliogopa siku nzima. Si ugonjwa niliouogopa, bali kumwambia kwamba pazia lake lilinificha.

Nilisikia friji yake ikiunguruma kule.

"Mama, nilikuwa nakufungulia," akasema. "Kila siku ikifunguka, hapa ni saa sita ya usiku. Nilikuwa silali mpaka nione imefunguka. Nikisema, leo nimemufanyia Mama kitu."

Alilia kama alivyolia alipovunjika mkono, bila sauti, pumzi tu. Niliwaza simu ile iliyozimika kabla ya udongo. Nikamwacha alie. Sikumwambia anyamaze.

Halafu akaanza kusema atatuma batri, ili yasishindwe tena. Nikasema apana. Kama ingekuwepo batri, Jumanne lingefunguka pia.

Hakuitaja batri tena. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

Jumatano, 28 Mei

Idi amerudi. Nilimweleza. Alikaa kwenye ngazi yake akashika kichwa. Nikamwambia si kosa lake. Alifanya kazi nzuri. Ilikuwa nzuri mno, labda.

La sebuleni na la chumba cha Fabrice yameondolewa. Ameyarudisha kwenye katoni. Pazia la Uvira limefuliwa na kurudi mahali pake, na Idi akainyoosha ile pete inayokwama bila kuulizwa. Nilisikitika kidogo. Nilikuwa nimeizoea.

La chumbani linabaki, maana bega ni kweli linauma. Lakini Idi ameondoa ile saa kumi na mbili aliyoipanga. Halifunguki mpaka mimi nibonyeze telekomande kwa kidole changu. Nikibonyeza, simu ya Fabrice inamwambia. Nisipobonyeza, haimwambii. Asipoambiwa, hata kama ni umeme umekatika, atampigia Mama Joselyne. Wamepeana namba. Nilisikia wakigombana tayari, Mama Joselyne akimwambia, "Weye mutoto, usinipigie saa ya uji!"

Consolate amerudi leo kwa lori la ndizi. Mama yake amepona. Amekuta nimekonda, amelia, amepika isombe nyingi ya majani ya muhogo.

Jumapili, 1 Juni

Melkiori,

Nimeamka mapema. Nimekaa kidogo kitandani upande wako. Nikabonyeza. Pazia likapanda taratibu. Baadaye kidogo simu ikaonyesha neno moja la Fabrice: "Nalala."

Nikaenda sebuleni. Nimevuta pazia kwa mkono wa kushoto. Limeteleza moja kwa moja, bila kukwama. Nimesema maneno yako, "Jua, ingia, hapa hakuna mwizi." Sikuwahi kuyasema mimi. Yalikuwa yako.

Mama Joselyne alikuwa amesimama kwenye geti lake na mwiko mkononi. Nadhani alikuwa hapo kwa muda. Akauinua. Uji ukamdondokea mguuni, nikamsikia akilaani. Nikainua mkono. Nikauacha juu kuliko siku zote.

Chai imeiva. Kuna wingu dogo upande wa Kongo, halitanyesha.

Asubuhi ulikuwa unasali ukitaja watu wa nyumba hii mmoja mmoja, hata waliosafiri. Ukisali huko uliko, usinipite. Unikumbuke.